Seli zisizo na saratani zinavyoisaidia saratani ya utumbo mpana kufika kwenye ini

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61. Wiki nne zilizopita alifanyiwa upasuaji, akatolewa uvimbe wa utumbo mpana upande wa kushoto. Majibu ya patholojia yanasema pT3 N1b, stroma asilimia 70, vichipukizi vya uvimbe Bd3. Daktari wake alituambia kwamba seli zinazouzunguka uvimbe ni nyingi na zinausaidia, ingawa zenyewe hazina saratani. Hapo ndipo nilipokwama. Seli isiyo na saratani inaisaidiaje saratani kusambaa? Na kama ndizo zenye kosa, mbona haziuliwi kwa dawa?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Swali la kwanza lina jibu zuri siku hizi. La pili ndilo lililowatoa watafiti jasho kwa zaidi ya miaka 20, na wengi wao walianza kwa kudhani hivyo hivyo unavyodhani wewe: ziue, basi.

Uvimbe wa saratani si saratani tupu. Mtaalamu wa patholojia anapoandika stroma asilimia 70, anamaanisha kwamba katika eneo alilolitazama kwa hadubini, sehemu saba kati ya kumi zilikuwa tishu zinazozishika seli za saratani, si seli za saratani zenyewe. Humo mna nyuzi za kolajeni, mishipa midogo ya damu, seli za kinga, na zaidi ya vyote faibroblasti, seli ndefu nyembamba zinazofuma tishu unganishi za mwili. Hizo za mwisho ndizo alizozikusudia daktari wa baba.

Kazi yake ya kawaida ni ya heshima kabisa. Ukuta wa ndani wa utumbo mpana una mamilioni ya vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Chini ya kila kishimo kuna seli mama zinazogawanyika. Watoto wake hupanda juu na baada ya siku chache hubanduka na kutoka na choo. Faibroblasti zimekizunguka kishimo chote na ndizo zinazopanga nani agawanyike na nani aache. Zile za chini hutoa protini kama gremlini-1, ambayo huzilinda seli mama ziendelee na kazi. Huku juu zinatawala protini za kundi la BMP, zinazoziamuru seli zikomae na ziache kugawanyika. Kwa hiyo hata kabla ya saratani kuwapo, seli za ukuta wa utumbo huishi kwa maelekezo ya hawa majirani.

Utumbo ukijeruhiwa, faibroblasti hubadilika. Huota ndani yake nyuzi za kujikaza, zile zinazotambuliwa maabara kwa alama ya alfa-SMA. Huvuta kingo za kidonda zikaribiane, humwaga kolajeni, huita mishipa mipya ya damu na seli za kinga. Kidonda kikifunga, nyingi hufa au hutulia. Ndani ya saratani amri ya kuponya kidonda haikomi. Mwaka 1986 Harold Dvorak wa Boston aliandika katika New England Journal of Medicine kwamba uvimbe ni kidonda kisichopona, na bado hakuna maelezo mafupi yanayoizidi kauli hiyo.

Seli hizi hazitoki mbali. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2022 ulizifuatilia kwa kuzitia alama tangu mwanzo, ukaonesha kwamba sehemu kubwa huzaliwa papo hapo, kutokana na seli za kando ya vishimo zenye kipokezi cha leptini. Jeni zake kwa kawaida hazina yale mabadiliko yanayoiendesha saratani. Daktari alisema kweli: hazina saratani. Zimepewa amri mbaya, na zinaitii.

Amri kuu inaitwa TGF-beta, protini ambayo seli huitoa kupelekeana ujumbe, na hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Katika utumbo mzima, TGF-beta huzizuia seli za ukuta zisigawanyike ovyo, kwa hiyo saratani ya utumbo ina kila sababu ya kuikwepa. Huikwepa kwa njia zaidi ya moja. Katika saratani zenye kasoro ya kurekebisha DNA, zile zinazoitwa MSI, jeni ya kipokezi cha TGF-beta ina mfululizo wa herufi A kumi ambao hukosewa wakati wa kunakiliwa, na kipokezi kinatoka kibovu. Katika saratani nyingine hupotea jeni ya SMAD4, iliyo kwenye kromosomu ya 18, ambayo kazi yake ni kuufikisha ujumbe ndani ya kiini cha seli. Unabaki na seli ya saratani iliyoziba masikio lakini inaendelea kupiga kelele, yaani kutoa TGF-beta. Majirani, ambao jeni zao ni nzima, wanasikia kila neno. Kwa muda mrefu TGF-beta ilidhaniwa kuwa rafiki katika saratani hii, kwa sababu tulikuwa tukizitazama seli za saratani peke yake.

Kundi la Eduard Batlle huko Barcelona lilionesha mwaka 2012 kinachofuata baada ya kelele hizo. Walichukua seli za saratani ya utumbo mpana za binadamu, wakazifanya zitoe TGF-beta kwa wingi, kisha wakazipandikiza kwa panya. Uwezo wake wa kuanzisha uvimbe kwenye ini na mapafu ulipanda sana. Zenyewe hazikuwa na uwezo wa kuisikia TGF-beta; zilizoisikia ni faibroblasti za panya, nazo zikajibu kwa kutoa protini nyingine ya ujumbe, intalukini-11. Hiyo huamsha ndani ya seli ya saratani njia ya GP130 na STAT3, ambayo huizuia seli isife. Zingatia wakati inapofanya kazi. Seli nyingi za saratani zinazoingia kwenye damu hufa muda mfupi baada ya kutua mahali pageni. Msaada wa siku hizo za mwanzo ndio unaoamua kama kutakuwa na uvimbe wa pili au la.

Miaka mitatu baadaye ukaja ushahidi mwingine ambao binafsi nauona mzuri kuliko wote kwa jinsi ulivyo rahisi. Ilikuwa imejulikana kwamba saratani za utumbo zenye alama fulani za jeni, alama za seli zinazohamahama, hurudi zaidi baada ya upasuaji. Wengi waliamini kwamba ni seli za saratani zilizojigeuza. Watafiti wa Turin, Italia, wakatumia uvimbe wa wagonjwa uliopandikizwa kwenye panya. Katika hali hiyo seli za saratani hubaki za binadamu, lakini baada ya muda stroma yote huwa ya panya. Walipotenganisha ujumbe wa jeni za binadamu na wa panya, zile alama mbaya zikaonekana upande wa panya. Yaani zilikuwa zikitoka kwenye stroma muda wote. Kundi la Barcelona lilifikia hitimisho hilo hilo kwa njia nyingine, na tafiti zote mbili zikatoka katika Nature Genetics mwaka 2015. Mwaka huo huo saratani ya utumbo mpana iligawanywa katika makundi manne kwa kutumia sampuli zaidi ya 4,000. Kundi la nne, CMS4, lililobeba kama asilimia 23 ya wagonjwa, ndilo lenye stroma nyingi na TGF-beta inayofanya kazi kwa nguvu, na ndilo lenye matokeo mabaya zaidi. Ripoti ya baba haijapima kundi hilo, lakini stroma ya asilimia 70 inaelekea huko.

Hayo ni maneno yanayopelekwa kwa kemikali. Kuna na kazi ya mikono. Chini ya seli za ukuta wa utumbo umetandazwa utando mwembamba wa msingi, uliofumwa kwa kolajeni ya aina ya IV na laminini. Saratani isiyouvuka haiwezi kusambaa. Zamani tuliamini kwamba utando hutobolewa na vimeng'enya vinavyomeng'enya protini tu, na dawa za kuvizuia zilijaribiwa kwa saratani mbalimbali bila kufua dafu. Mwaka 2017 watafiti wa Institut Curie, Paris, walichukua faibroblasti za wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana, wakaziweka upande wa pili wa utando halisi. Faibroblasti ziliuvuta na kuutanua hadi matundu yakapanuka, na seli za saratani zikapita, hata vimeng'enya vilipozuiwa. Nguvu ya kujikaza ilipoondolewa, kupita kukapungua. Zaidi ya hapo, seli ya saratani na faibroblasti zinaweza kushikana moja kwa moja, faibroblasti mbele ikivuta, saratani nyuma ikiburutwa. Pia kolajeni yenyewe huungwa nyuzi kwa nyuzi na vimeng'enya vya jamii ya LOX, tishu inakuwa ngumu, na ugumu huo huzidi kuziamsha faibroblasti. Ndiyo maana daktari wa upasuaji anaposhika uvimbe wa namna hii huukuta mgumu, umekamata tishu za jirani.

Hapo ndipo inapoingia Bd3. Kichipukizi ni seli moja ya saratani, au kikundi cha seli zisizozidi nne, kilichojitenga na kundi kubwa kwenye ukingo wa mbele wa uvimbe na kuingia ndani ya stroma. Faibroblasti za hapo hutoa kichocheo kiitwacho HGF, ambacho hushika kipokezi cha MET kwenye seli ya saratani na kuiongezea tabia za seli mama: kuhama, kustahimili, na kuanza upya. Utafiti wa Italia wa mwaka 2014 ulionesha kwamba HGF pamoja na protini nyingine mbili za faibroblasti hupandisha alama ya CD44v6, inayobebwa na seli zenye uwezo wa kuanzisha uvimbe mwingine. Stroma nyingi na vichipukizi vingi mara nyingi huonekana kwa mgonjwa mmoja, kama kwa baba. Usizihesabu kuwa habari mbaya mbili zisizohusiana.

Kinga nayo huzuiwa. Katika uvimbe wa namna hii seli T za kinga mara nyingi huonekana zimerundikana pembezoni zisiingie kati, kwa sababu ya kolajeni nene na kwa sababu TGF-beta huzilegeza. Faibroblasti zenye alama ya FAP pia hukaa bega kwa bega na makrofaji (seli za kinga zinazomeza vitu) zenye alama ya SPP1, na utafiti wa mwaka 2022 ulihusisha ushirika huo na kinga kushindwa kupenya.

Sasa ini. Damu yote ya utumbo mpana, isipokuwa ile ya sehemu ya chini kabisa ya rektamu (kipande cha mwisho cha utumbo mpana), hupitia kwanza kwenye ini ndipo iende moyoni. Seli iliyobanduka kwenye uvimbe wa upande wa kushoto hukwama huko mapema sana. Lakini njia ya damu peke yake haitoshi kueleza mambo. Tangu mwaka 1889 Stephen Paget wa London, baada ya kupitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, alisema kwamba mbegu huota kwenye udongo unaoifaa. Kwenye ini udongo huo hutayarishwa zaidi na seli za nyota, ambazo kwa kawaida zimejificha kati ya kapilari na seli za ini zikitunza vitamini A. Zikipata TGF-beta huacha kutunza vitamini, hubadilika zikawa kama faibroblasti za kidonda, na msaada ule ule wa kwenye utumbo unaanza upya. Kuna hata ushahidi wa panya, wa mwaka 2010, kwamba seli za saratani zinazosafiri kwa makundi huweza kufika kwenye mapafu zikiwa zimebeba faibroblasti zake za nyumbani, na makundi yaliyobeba faibroblasti hufaulu zaidi.

Ungetegemea basi kwamba uvimbe wa pili kwenye ini ukizungukwa na tishu ya kovu, hali ya mgonjwa huwa mbaya zaidi. Kinyume chake. Wataalamu wanaotazama vipande vya ini lililokatwa huutofautisha uvimbe uliozungukwa na ukanda wa kolajeni na ule unaoingia moja kwa moja kati ya seli za ini na kuteka mishipa yao ya damu. Wenye ukanda kamili wa kovu ndio wanaoishi muda mrefu zaidi baada ya upasuaji. Ule unaoteka mishipa iliyopo tayari huwa hauhitaji kuota mipya, kwa hiyo hata bevacizumab, dawa inayozuia mishipa mipya, huufaa kidogo. Yaani kwenye utumbo stroma nyingi ni dalili mbaya. Kwenye ini ukanda wa stroma ni dalili njema. Anayekuambia kwamba kovu la saratani ni baya popote lilipo hajafika kwenye ini.

Hilo linatupeleka kwenye swali lako la pili. Kuziua kumejaribiwa. FAP ni protini iliyo tele kwenye faibroblasti za uvimbe na adimu kwenye tishu nzima za mtu mkubwa, kwa hiyo ilionekana shabaha safi. Kingamwili iitwayo sibrotuzumab, iliyolenga FAP, ilijaribiwa kwa wagonjwa ambao saratani yao ya utumbo mpana ilikuwa imeshasambaa; majibu yalichapishwa mwaka 2003, na uvimbe haukupungua. Nyingine, simtuzumab, ililenga LOXL2, mmoja wa wale waunganishaji wa kolajeni. Ilipoongezwa kwenye kemotherapi haikuwaongezea wagonjwa chochote. Halafu mwaka 2014 ikaja habari ya kutisha kutoka kwenye saratani ya kongosho, ambayo stroma yake ni miongoni mwa zilizo nene zaidi: panya waliofutiwa faibroblasti zenye alfa-SMA walipata saratani kali zaidi, wakafa mapema.

Kwenye utumbo wenyewe mfano bora ni tafiti mbili zilizotoka pamoja mwaka 2015 katika Journal of Experimental Medicine. Zote zilifuta jeni moja, ya IKK-beta, ndani ya faibroblasti za utumbo wa panya. Koliaraki na wenzake waliona uvimbe unapungua. Pallangyo na wenzake waliona uvimbe unakua, HGF ikiongezeka. Hakuna aliyekosea. Walitumia njia tofauti za kuifikia faibroblasti, kwa hiyo kila kundi liligusa faibroblasti za aina nyingine. Leo tunajua kwamba kuna zinazojikaza na kufuma kolajeni, kuna zinazomwaga vichocheo vya uvimbe-joto (inflamesheni) kama intalukini-6, na kuna zinazoizuia saratani, kwa mfano zile zenye protini ya ISLR, ambayo huongeza nguvu ya BMP, kinyume cha gremlini-1. Hakuna alama moja inayozitenga nzuri na mbaya. Alfa-SMA ipo hata kwenye misuli ya utumbo. Ukipiga wote, unawapiga na walinzi.

Kwa hiyo juhudi za sasa ni kuyakata mazungumzo na kuwaacha wazungumzaji. Kundi la Barcelona lilionesha mwaka 2018 kwamba kwa panya, galunisertib, kidonge kinachoziba kipokezi cha TGF-beta, kiliruhusu seli T kuingia ndani ya uvimbe, na kikishirikiana na dawa inayoiamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani kilifuta hata uvimbe wa kwenye ini. Kwa binadamu, wagonjwa 38 wa saratani ya rektamu walipewa galunisertib pamoja na mionzi na kemotherapi, na 12 kati yao hawakubaki na saratani inayoonekana. Inatia moyo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na dawa hiyo haijasajiliwa. Njia nyingine inahusu wagonjwa wa rektamu ambao mionzi haiwafai: watafiti wa Frankfurt waligundua kwamba seli za saratani hutoa intalukini-1, ambayo huzifanya faibroblasti zizeeke zikipigwa mionzi na kuanza kuilinda saratani. Anakinra, dawa ya zamani ya baridi yabisi, huizuia intalukini-1, ndiyo maana imeingizwa kwenye majaribio. Na ile FAP iliyoshindwa kuwa shabaha ya dawa imepata kazi nyingine: dawa yenye mionzi kidogo inayoishika hutumika sasa kwenye picha za PET kuonesha uvimbe ulipo.

Tuje kwenye ripoti yenyewe, maana namba hizi zina masharti. Stroma hupimwa kwa kipande cha kawaida kilichopakwa rangi za hematoksilini na eosini. Haihitaji mashine ya gharama, na ndiyo maana naipenda kwa hospitali zetu: hadubini ya Bugando au ya Eldoret inaipima sawasawa na ya Leiden, Uholanzi, ambako kipimo hiki kilielezwa mwaka 2007. Huchaguliwa kipande kutoka mahali uvimbe ulipoingia ndani zaidi. Kwa lenzi ndogo hutafutwa sehemu yenye stroma nyingi kuliko zote, kisha kwa lenzi ya 10 huangaliwa uwanja mmoja ambao seli za saratani zinaonekana kwenye pande zote nne. Alama hutolewa kwa makumi, na inayozidi 50 huhesabiwa stroma nyingi.

Makosa yanayoiharibu yanajulikana. Kupima kwenye kipande kidogo cha kolonoskopi, ambacho hakifiki chini. Kuhesabu msuli wa utumbo kuwa stroma. Kuhesabu ute au tishu iliyooza. Kupima baada ya mgonjwa kupigwa mionzi kabla ya upasuaji, maana mionzi yenyewe huleta kovu. Na kabla ya yote, utumbo uliotiwa kwenye chombo kidogo chenye formalini haba: unatakiwa upasuliwe ufunguke na formalini iwe kama mara kumi ya ujazo wake, la sivyo tishu za ndani huoza kabla hazijahifadhiwa na kinachoonekana kwenye kioo hakiaminiki.

Vichipukizi vina kanuni ya kimataifa iliyokubaliwa Bern mwaka 2016: angalia nyanja kumi kwenye ukingo wa mbele, chagua yenye vingi zaidi, hesabu kwa lenzi ya 20 katika eneo la milimita za mraba 0.785. Sifuri hadi 4 ni Bd1, 5 hadi 9 ni Bd2, 10 na zaidi ni Bd3. Eneo hilo ni la jicho la hadubini (lenzi ya kutazamia) lenye namba ya uwanja 20. Hadubini nyingi zina namba 22, na hapo idadi lazima igawanywe kwa 1.21. Mtu akihesabu 11 akasahau kugawanya, ataandika Bd3 wakati jibu ni 9, yaani Bd2. Kama ripoti imetaja idadi halisi, uliza kama iligawanywa.

Je, namba hizi zinabadilisha matibabu ya baba? Kwa hatua yake, kidogo mno. Vichipukizi huamua mambo kwa mtu aliyetolewa kinundu chenye saratani changa, kama akatwe utumbo au la, na kwa mtu wa hatua ya pili ambaye haijulikani kama apewe kemotherapi. Baba ana N1b, yaani tezi mbili au tatu za limfu zenye saratani. Hiyo ni hatua ya tatu, na kemotherapi inapendekezwa kwake hata kama stroma ingekuwa asilimia 10. Hakuna mwongozo unaobadilisha dawa kwa sababu ya stroma. Kwa T3 (uvimbe uliopita msuli wa ukuta wa utumbo) na N1, mpango wa capecitabine na oxaliplatin kwa miezi mitatu, mizunguko minne ya wiki tatu tatu, unakubalika tangu matokeo ya utafiti wa IDEA ya mwaka 2018. Ikichaguliwa FOLFOX (fluorouracil, leucovorin na oxaliplatin), miezi sita. Baadhi ya madaktari wakiona Bd3 na stroma nyingi huona ni salama zaidi kurefusha. Hilo mlijadili naye, kwa sababu oxaliplatin ikizidi huacha ganzi ya vidole na nyayo isiyoisha kwa baadhi ya watu. Msikawie: lengo ni kuanza ndani ya wiki nane tangu upasuaji, na nyinyi mmeshatumia nne.

Kabla ya siku ya kwanza ya dawa, pateni majibu ya mambo haya. Ni tezi ngapi za limfu zilizochunguzwa? Zikipungua 12, uwezekano wa saratani kuwa imepitwa bila kuonekana ni mkubwa zaidi. Je, protini nne za kurekebisha DNA, yaani MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, zimepimwa? Kukosekana kwa mojawapo kunaweza kumaanisha ugonjwa wa kurithi, na hapo wewe na ndugu zako mnahusika moja kwa moja. Je, saratani ilionekana ndani ya mishipa ya damu au kuzunguka neva? Na kipimo cha damu cha CEA, protini inayoweza kupanda saratani ikirudi, kichukuliwe sasa, kiwe cha kulinganishia baadaye.

Baada ya dawa, CEA kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tano, CT scan ya kifua na tumbo kila miezi sita hadi kumi na miwili, na kolonoskopi mwaka mmoja baada ya upasuaji. Kama kabla ya upasuaji kamera haikuweza kupita kwa sababu uvimbe ulikuwa umeziba, msisubiri mwaka. Ifanyike ndani ya miezi mitatu hadi sita. Kwa mtu mwenye stroma nyingi hii ratiba ndiyo faida halisi ya kuijua ile namba, kwa kuwa uvimbe wa ini ukikutwa mapema unaweza kukatwa, na wapo wanaopona hata katika hatua hiyo.

Mtauziwa dawa za kuyeyusha kovu na vyakula vya kukata kolajeni. Acheni, kama kingamwili zilizotengenezwa kwa shabaha moja zilishindwa, unga wa mizizi hauna njia ya kuchagua faibroblasti mbaya ukaiacha nzuri, na baadhi ya mitishamba huliumiza ini ambalo ndilo linalobeba mzigo wa kemotherapi. Mazoezi ni jambo jingine. Utafiti wa CHALLENGE, uliochapishwa mwaka 2025 kwa wagonjwa 889 waliomaliza kemotherapi ya saratani ya utumbo mpana, ulikuta kwamba waliosimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka mitatu, baada ya miaka mitano asilimia 80 walikuwa hai bila saratani kurudi, dhidi ya asilimia 74 ya waliopewa vijitabu tu. Kipimo chake kilikuwa sawa na kuongeza matembezi ya kasi ya dakika 45 hadi 60, mara tatu au nne kwa wiki. Mzee aanze taratibu kidonda kikishapona, na wakati wa oxaliplatin aepuke kutembea alfajiri yenye baridi kali, kwa sababu baridi huamsha ganzi na maumivu ya vidole na koo.